Viuavijasumu katika chakula cha mifugo: kinachopaswa kujulikana kabla ya kuchanganya

Katika maduka ya pembejeo ya Container Village, eneo la Nakivubo jijini Kampala, mfugaji aliyetoka Wakiso au Mukono anaweza kununua vifaranga, vyombo vya kunyweshea maji na pakiti ya unga wa oksitetrasiklini katika safari moja. Kuku wanapoanza kukoroma usiku na kutokwa kamasi puani, wengi huichanganya dawa hiyo na chakula wao wenyewe, siku hiyo hiyo, bila daktari wa mifugo kuwaona kuku hao. Wakati mwingine inasaidia. Mara nyingi zaidi inasaidia nusu, na nusu hiyo ndiyo yenye hatari.

Kikohozi kimoja, magonjwa mengi

Kukoroma kwa kuku ni dalili tu, wala si jina la ugonjwa. Mafua makali, ambayo huvimbisha uso, husababishwa na bakteria. Mafua sugu husababishwa na maikoplazma, kiumbe mdogo wa jamii ya bakteria asiye na ukuta wa seli; kwa sababu hiyo penisilini na amoksilini, zinazofanya kazi kwa kuvunja ukuta huo, hazimdhuru hata kidogo. Dhidi yake hutumiwa dawa kama tailosini, tiamulini na jamii ya tetrasiklini. Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, na bronkitisi ya kuku ni magonjwa ya virusi, na hakuna kiuavijasumu kinachoua virusi. Dawa inaweza kuzuia bakteria wanaodandia mapafu yaliyokwisha kudhoofika, lakini kideri chenyewe huzuiwa kwa chanjo, nayo hutolewa kabla ugonjwa haujaingia bandani.

Kwa nguruwe hali ni hiyo hiyo. Kikohozi kikavu kinachodumu kwa majuma huelekeza kwenye maikoplazma. Vifo vya ghafla vyenye homa kali vinaweza kuwa homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haina tiba. Kukata tamaa mbele ya magonjwa ya namna hiyo kumewafikisha baadhi ya wafugaji mbali. Mwaka 2023 suala la dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kulishwa nguruwe na kuku lilifika katika Bunge la Uganda, baada ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere kukuta mabaki yake katika nyama.

Ng'ombe ni habari nyingine. Tumbo lake la kwanza husaga majani kwa msaada wa vijidudu, na kumlisha ng'ombe mzima viuavijasumu ni kuua vijidudu hivyo. Ng'ombe mwenye homa ya mapafu huhitaji daktari, na aina ya kuambukiza ya ugonjwa huo ni lazima itolewe taarifa kwa ofisa wa mifugo wa wilaya.

Hesabu inayopotea

Kosa kubwa la dawa ya chakulani limo katika hesabu. Dozi hupimwa kwa uzito wa mnyama, ilhali dawa huchanganywa kwa uzito wa chakula. Tuseme lebo inaagiza miligramu 20 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kuku wa kilo mbili anahitaji miligramu 40. Akila gramu 110 kwa siku, kila kilo ya chakula lazima iwe na takriban miligramu 364 za dawa. Sasa kuku huyo ameugua, na anakula gramu 60 tu. Amepata miligramu 22, zaidi kidogo ya nusu ya dozi, na aliye mgonjwa zaidi amepata pungufu ya hapo. Wazima, wenye hamu ya kula, ndio waliokunywa dawa.

Hapo ndipo usugu unapozaliwa: bakteria dhaifu hufa, wenye kinga kidogo hubaki na kuongezeka. Kwa sababu hiyo madaktari wengi wa mifugo hupendelea kuweka dawa kwenye maji pindi ugonjwa unapolipuka, maana mnyama mgonjwa huendelea kunywa hata baada ya kuacha kula. Dawa ya chakulani hufaa zaidi kwa kundi ambalo bado linakula vizuri na ambalo ugonjwa wake umekwisha kutambuliwa.

Kuchanganya nako kuna adabu yake. Gramu chache za dawa zikimwagwa juu ya lundo la pumba na kugeuzwa kwa koleo sakafuni, gunia moja litatoka na dozi maradufu na jingine halitakuwa na kitu. Njia iliyo salama ni kuichanganya dawa kwanza na kilo moja au mbili za pumba laini, kisha kiasi hicho na kilo kumi, na kuendelea hivyo hadi lundo lote. Mashine ya kuchanganya ni bora, mradi isafishwe kabla ya kutengeneza chakula cha kundi lisilotibiwa. Jambo hili husahauliwa kuliko yote.

Kuna pia dawa zisizopatana. Chakula cha kuku wa mayai kina kalisi nyingi, kati ya asilimia 3.5 na 4, na kalisi huishika tetrasiklini tumboni isipenye mwilini. Mbaya zaidi ni tiamulini: ikikutana na monensini au salinomisini, ambazo huwekwa katika vyakula vya kuku kuzuia koksidiosisi, ini hushindwa kuondoa sumu, miguu hulegea na kuku hufa. Anayetaka kutumia tiamulini hana budi kusoma kwanza lebo ya gunia la chakula, si ya dawa peke yake.

Yai linalouzwa kesho

Kila dawa ina muda wa kusubiri, yaani siku ambazo nyama, mayai au maziwa hayapaswi kuuzwa baada ya dozi ya mwisho. Dawa nyingine haziruhusiwi kabisa kwa kuku wanaotaga. Kwa mfugaji wa trei kumi kwa siku, kutupa mayai ya juma zima ni hasara inayouma, na katika mji ambako rolex, chapati ya mayai, hukaangwa kila pembe ya barabara, mnunuzi hana namna ya kujua yai limetoka kwa kuku gani.

Nchini Uganda, dawa za mifugo ziko chini ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, na mpango wa taifa wa kukabili usugu wa vimelea ulizinduliwa mwaka 2018. Hata hivyo, dawa bado huuzwa mara nyingi bila cheti. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku viuavijasumu vya kukuzia mifugo mwaka 2006, na tangu Januari 2022 umekataza pia kuwapa wanyama dawa hizo kama kinga ya kila siku. Marekani, tangu 2017, inadai idhini ya daktari kwa dawa za chakulani zilizo muhimu pia kwa binadamu.

Mfugaji wa Kampala ana msaada wa karibu kuliko anavyodhani: Chuo cha Tiba ya Mifugo cha Makerere, na kituo cha taifa cha uchunguzi wa magonjwa ya wanyama kilichoko Entebbe. Ndege wawili au watatu wagonjwa au waliokufa punde wapelekwe kabla ya dozi ya kwanza, kwani dawa ikishaingia mwilini bakteria huenda wasiote tena maabara. Mzoga uwekwe kwenye barafu, lakini usigandishwe.