Vitu vya Wazee Wetu: Tuvitazame kwa Macho Gani?



Safari ya kwenda makumbusho inapopangwa katika vikundi vyetu vya parokia, swali moja hurudi kila mara: Je, Mkristo aliyebatizwa anaruhusiwa kwenda kutazama sanamu za mababu, vinyago na vifaa vya waganga? Wengine wanaogopa kwamba roho mbaya itawafuata hadi nyumbani. Wengine hawaogopi, bali wanadharau. Kwao hizo ni mbao za zamani tu, zisizo na faida kwa kijana anayetafuta shule na kazi. Sisi tunaona kwamba woga huo na dharau hiyo ni watoto wa mama mmoja, na mama huyo ni kutokujua. Basi kabla ya kujibu swali, tusimulie kwanza historia ya vitu vyenyewe: nani alivitengeneza, nani alivichukua, na nani alivitunza.

Tuanze na nyumba iliyo katika eneo letu la Katanga, Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi. Ilianzishwa wakati wa ukoloni na Francis Cabu, mtafiti wa mambo ya kale, ikapewa jina la mfalme Leopold II. Jina hilo limekwisha kuondoka, lakini vitu vimebaki. Miongoni mwa vitu ambavyo mgeni hapaswi kuvipita mbio ni ile misalaba midogo ya shaba, yenye mikono minne iliyo sawa. Mmeiona tangu utoto wenu: tatu kati yake zilichorwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960. Umbo lake lisituchanganye. Haikuletwa na wamisionari, wala haihusiani na mateso ya Bwana. Ilikuwa mali, na baadaye ikawa fedha ya wazee wetu.

Tunalijuaje hilo? Kwa sababu makaburi yamesema. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu walichimba mwaka 1957 na 1958, na Pierre de Maret akarudi huko mwaka 1974. Walikuta wafu waliozikwa kwa heshima, wakiwa na vyungu vizuri sana, vito vya shaba na pembe za ndovu. Makaburi mengine yana umri wa miaka 1000 hivi. Katika makaburi ya baadaye misalaba ya shaba inaonekana kwa wingi. Kwanza ni mikubwa, imelazwa juu ya kifua cha marehemu. Baadaye inakuwa midogo, inafanana kwa ukubwa, na imewekwa karibu na mikono na kiuno. Watafiti walielewa maana yake: kitu cha heshima kilikuwa kimegeuka fedha ya kuhesabu na kununulia. Tazameni, vijana: hakuna barua wala kitabu, lakini mahali kitu kilipowekwa pametufundisha historia ya soko la mababu. Ndiyo sababu mchimbaji mwizi anayekitoa kitu ardhini na kukiuza huiba mara mbili. Anaiba kitu, na anaiba pia habari yake.

Wafua shaba hao hawakusahauliwa na watu wa Kanisa. Mwaka 1926 Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto aliyeongoza Kanisa la Katanga na baadaye akawa askofu, aliandika makala juu ya wayeyushaji wa shaba wa nchi hii. Kwa hiyo kijana wa Lubumbashi au Kolwezi asifikiri kwamba shaba ilianza na makampuni. Kabla ya tanuru za wageni kulikuwa na tanuru za udongo, na mafundi waliojua jiwe lipi lina shaba na moto upi unatosha.

Baada ya shaba, tusimame mbele ya sanaa ya Waluba. Kiti cha mtawala mara nyingi hubebwa na mwanamke aliyechongwa kwa mti. Mtu asiyejua atacheka au atageuza uso. Lakini Waluba waliamini kwamba mwili wa mwanamke ndio wenye nguvu ya kutunza roho na siri ya ufalme. Mfalme alikaa juu, ila aliyemshikilia asianguke ni mama. Tuna pia lukasa, ubao mdogo wenye ushanga na simbi, uliotumiwa na watu wa chama cha Mbudye. Mzee alipitisha kidole juu ya ushanga huo akasimulia asili ya wafalme, safari za mashujaa na mipaka ya nchi. Ni kitabu kisichokuwa na herufi. Sisi makatekista, tunaopitisha vidole vyetu juu ya chembe za rozari huku tukikumbuka mafumbo ya wokovu, tungepaswa kuwa wa kwanza kuuelewa ubao huo, hata kama mambo yanayokumbukwa si yale yale.

Je, waliochonga vitu hivyo walikuwa nani? Kwa miaka mingi vibao vya makumbusho vya Ulaya viliandika jina la kabila tu, kana kwamba kabila zima lilishika shoka moja. Mbelgiji Frans Olbrechts ndiye aliyegundua kwamba sanamu na viti kadhaa, vyenye nyuso ndefu za majonzi na mikono mikubwa, vilitoka mkononi mwa mtu mmoja. Akamwita Bwana wa Buli, kwa jina la kijiji ambako baadhi ya kazi hizo zilipatikana. Miaka ya 1970 watafiti walipofika vijijini, wenyeji walitaja jina: Ngongo ya Chintu, wa kijiji cha Kateba. Leo kazi zilizotajwa kuwa za mkono huo zimetawanyika mbali, na kiti kimoja kipo New York katika Metropolitan Museum of Art. Mtu wa nchi yetu anahesabiwa kati ya wachongaji wakubwa wa dunia, lakini ni vijana wangapi wa parokia zetu wanaoweza kulitaja jina lake?

Sasa tufike kwenye habari inayoumiza. Vitu hivi vilifikaje Ulaya? Vingine vilinunuliwa, vingine vilitolewa zawadi, na vingine vilichukuliwa kwa damu. Mwaka 1883 Luteni Émile Storms, Mbelgiji, alijenga kituo Mpala, kwenye ufuko wa magharibi wa ziwa Tanganyika. Alishindana na Lusinga, mtawala wa Watabwa, ambaye mwenyewe aliogopwa kwa vita na biashara ya watumwa. Mwezi wa Desemba 1884 watu wa Storms walishambulia kijiji cha Lusinga, wakamwua na kumkata kichwa. Fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji. Sanamu ya mababu zake ilitekwa pia, na baada ya miaka mingi ikaingia katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels. Mwaka 1885 Storms aliondoka, na kituo cha Mpala kikakabidhiwa Mapadri Weupe. Mpala hiyo hiyo ikawa mojawapo ya misheni za kwanza za nchi yetu, na kutoka eneo hilo la Marungu akatoka Stefano Kaoze, padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati hizi, aliyepewa upadrisho mwaka 1917.

Hatusimulii hayo ili kuchafua imani yetu. Tunayasimulia kwa sababu Bwana alisema kwamba ukweli utatuweka huru. Neema ilipita mahali palipomwagika damu. Neema haifuti damu hiyo, wala damu hiyo haiizuii neema. Tukiri pia kwamba katika misheni nyingi sanamu zilichomwa moto, nyingine kwa amri ya wamisionari, nyingine kwa mikono ya Wakristo wapya wenyewe. Na si mambo ya zamani tu. Hata leo kuna vikundi vya maombi vinavyokusanya kiti cha babu au fimbo ya mtawala na kuvitia moto, bila kuuliza kama kilikuwa kitu cha uchawi au kumbukumbu ya ukoo.

Lakini Kanisa lenyewe lina njia nyingine pia. Mwaka 1925 Papa Pius XI aliandaa Roma maonyesho makubwa ya misheni, ambamo vitu zaidi ya 100,000 vya mataifa mbalimbali vilionyeshwa, na sehemu kubwa ilibaki katika makumbusho ya Vatikano. Huku kwetu, Bruda Joseph Cornet, wa Shirika la Mabruda wa Shule za Kikristo, alitumia miaka mingi kukusanya na kueleza sanaa ya Kongo katika Taasisi ya Makumbusho ya Taifa, iliyoundwa Kinshasa mwaka 1970. Mwaka 1973 Rais Mobutu alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akidai kwamba nchi zilizonyang'anywa zirudishiwe kazi zao za sanaa. Kati ya mwaka 1976 na 1982 Tervuren ilitoa vitu 114. Ni vichache mno, ukikumbuka kwamba makumbusho hayo yanahifadhi makumi ya maelfu ya vitu vya Kongo. Na tuseme yote: miaka ya 1990, nchi ilipoyumba, baadhi ya vitu vilivyorudishwa viliibwa Kinshasa na kuuzwa nje. Aliyetunyang'anya kwanza alikuwa mgeni. Aliyetunyang'anya mara ya pili alikuwa ndugu yetu.

Tangu hapo kumekuwa na dalili za matumaini. Makumbusho mapya ya Taifa yalifunguliwa Kinshasa mwaka 2019, kwa msaada wa Korea Kusini. Mwezi wa Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alileta huko kinyago kikubwa cha Wasuku kiitwacho Kakuungu, kwa mkopo usio na kikomo. Neno «mkopo» linatufanya tutafakari: mwenye mali anaazimwa mali yake. Hata hivyo kinyago kipo, na mtoto wa Kongo anaweza kukitazama bila kuomba viza.

Msidhani kwamba sanaa yetu iliishia kwa mababu. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji mjini Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Humo Pilipili Mulongoy alichora samaki, ndege na nyoka. Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa mistari mifupi mifupi. Bela Sara alipaka rangi kwa ncha za vidole. Baada yao Tshibumba Kanda-Matulu, mzaliwa wa mji huo, alichora mwaka 1973 na 1974 historia nzima ya nchi yetu katika picha zaidi ya 100, akimweleza mtafiti Johannes Fabian kila picha kwa Kiswahili cha Katanga. Picha hizo ziko Amsterdam. Na tangu mwaka 2008 kikundi kiitwacho Picha, ambacho Sammy Baloji ni mmoja wa waanzilishi wake, huandaa Lubumbashi maonyesho makubwa ya sanaa ya leo.

Sasa turudi kwenye swali. Amri ya kwanza inatukataza kuabudu sanamu, na amri hiyo haijabadilika. Lakini kutazama si kuabudu, kama vile kusoma habari za Farao si kumtumikia. Kitu kilichowekwa nyuma ya kioo hakitudai sadaka, kinatudai usikivu. Tena Kanisa la Kongo, katika Misale ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire iliyokubaliwa mwaka 1988, linawaita mababu wenye moyo mnyofu washiriki pamoja nasi katika sala. Ikiwa tunawaita mbele ya altare, kwa nini tuikimbie kazi ya mikono yao? Pale palipokuwa na hofu na ushirikina, Kristo ametuweka huru. Pale palipokuwa na akili, uvumilivu na upendo wa uzuri, zawadi hizo zilitoka kwa Muumba kabla Injili haijafika.

Kwa hiyo tunawashauri viongozi wa vikundi: pangeni safari hiyo katika mwaka huu wa kichungaji. Msipite vyumba vyote kwa nusu saa. Kila kijana achague kitu kimoja, akae mbele yake kwa utulivu, aandike kimetengenezwa kwa nini, kilitumiwa na nani, na kilipatikana wapi. Kama kibao hakisemi kilivyofika hapo, mwulizeni mhudumu; swali hilo ni haki yenu. Furahini pia, kwa maana uzuri ni chakula cha roho. Mkirudi nyumbani, mwendeeni bibi au babu na daftari, mkamwulize jina la kile kiti au kikapu cha zamani kilicho pembeni ya nyumba, na jina la aliyekitengeneza. Ngongo ya Chintu alikaribia kusahauliwa kwa sababu hakuna aliyeandika jina lake alipokuwa hai. Wazee wenu bado wanayo majina mengi, na hawatangoja milele.