Homoni iliyodhaniwa uchafu

Kisa cha insulini kimesimuliwa mno: Frederick Banting na Charles Best wakihangaika na mbwa wao mjini Toronto mwaka 1921, kisha Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyekuwa akifa kwa kisukari, kudungwa sindano Januari 1922. Mwenzake insulini hatajwi sana, ingawa alikuwamo tangu mwanzo.

Dawa ile ilikamuliwa kwenye kongosho la ng'ombe, na ya kwanza ilikuwa chafu kiasi kwamba haikumfaa Thompson. James Collip aliisafisha, na sindano iliyofuata baada ya siku 12 ikamtia nguvu. Lakini kuna kitu kilichobaki. Watafiti waliona sukari kwenye damu ya wanyama waliodungwa dawa hiyo ikipanda kidogo kwanza, ndipo ishuke. Mwaka 1923, Kimball na Murlin wa Rochester, New York, walikitenga kitu hicho wakakiita glukagoni.

Heshima haikufuata jina. Mwaka huohuo Banting na Macleod, profesa aliyempa maabara, walipewa Tuzo ya Nobel, na glukagoni ikaendelea kuhesabiwa takataka za insulini. Ilipita miaka 25 kabla Earl Sutherland na Christian de Duve hawajapata ushahidi kwamba hutoka kwenye seli za alfa za kongosho, jirani kabisa na seli za beta zinazotoa insulini.

Mtu akila, insulini huingiza sukari kwenye misuli na mafuta, na kulifanya ini liweke akiba ya glaikojeni. Chakula kikikawia, glukagoni huliamuru ini liifungue akiba hiyo, hata kutengeneza sukari mpya kutokana na protini. Ndiyo maana mwenye afya hufunga Ramadhani hadi magharibi bila kuzimia.

Mtafiti Roger Unger wa Dallas hakuchoka kuitetea glukagoni. Mwaka 1975, yeye na Lelio Orci walidai kwamba kisukari si upungufu wa insulini tu: seli za alfa zikikosa insulini ya kuzizuia, humwaga glukagoni, na ini hutoa sukari ambayo mwili hauihitaji. Mwaka 2011 kundi lake lilieleza habari za panya wasio na kipokezi cha glukagoni. Seli zao za beta ziliharibiwa, sukari isipande. Wengine wamepinga, nami naona wana hoja: insulini ikitoweka kabisa, kuizuia glukagoni hakutoshi.

Hospitalini, ule uliodhaniwa uchafu sasa ni sindano ya dharura kwa mgonjwa aliyepoteza fahamu kwa sababu insulini imeshusha sukari yake kupita kiasi.