Kamba ya Mrina Asali: Uchakavu, Uungaji na Ubadilishaji wa Vifaa vya Kupandia Miti Unyamwezi tangu Enzi za Misafara

Historia ya Tabora imezoeleka kuandikwa kwa kufuata vitu vilivyopita katika njia ya misafara: pembe za ndovu, watu waliouzwa utumwani, vitambaa, shanga na bunduki. Nta na asali hutajwa pembeni, aghalabu katika safu za takwimu za biashara. Insha hii inashuka daraja moja chini zaidi, hadi kwenye kamba ambayo mrina asali aliitegemea alipokuwa juu ya mti, na inauliza swali ambalo kwa mrina mwenyewe lilikuwa la uhai: kamba iliyochakaa ilitambuliwaje, iliungwa vipi, na iliachwa lini? Hoja inayojengwa ni kwamba kamba ya gome, pamoja na udhaifu wake na maisha yake mafupi, ilikuwa na fadhila moja ambayo kamba za dukani zilizoifuata hazikuwa nayo: haikuwa na bei. Mtu hakuwa na sababu ya kuionea huruma.

Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Kazeh mwezi Novemba 1857, walikuwa wamepita katika pori ambalo dalili za kazi ya binadamu hazikuwa mashamba peke yake. Burton aliandika juu ya mizinga ya magogo yaliyochongwa ndani na kutundikwa mitini. Kwa msafiri mgeni ilikuwa ajabu ndogo ya njiani. Kwa mwenyeji ilikuwa mali yenye mwenyewe, iliyopandishwa huko juu kwa nguvu za mikono. Pori hilo ni la miombo, na jina lenyewe lina asili katika eneo hili: Wanyamwezi huita muyombo mti ambao wataalamu wa mimea wanaufahamu kama Brachystegia boehmii, na neno hilo ndilo lililopanuliwa kuwa jina la aina nzima ya misitu inayoenea kutoka Tanzania hadi Angola na Msumbiji. Msitu uliowapa nyuki maua uliwapa pia warina mbao za mizinga, magome ya mizinga na nyuzi za kamba. Muktadha huu ni wa lazima kwa hoja inayofuata, kwa kuwa mrina wa karne ya 19 hakuwa akienda porini na kifaa kilichotengenezwa kwingine. Alikuwa akiingia ndani ya ghala la vifaa vyake.

Sababu za kutundika mizinga juu hazihitaji maelezo marefu. Nyegere huvunja mzinga ulio karibu na ardhi, siafu huufikia kwa urahisi, na moto wa nyika wa kiangazi huuteketeza. Miti ya miombo iliyokomaa hufika mita 10 hadi 20, na nyuki wa Afrika hawana upole. Kwa hiyo urinaji ulifanyika mara nyingi usiku, kwa moshi wa mwenge, na mrina akiwa na mkono mmoja tu ulio huru. Katika hali hiyo kamba ilikuwa na kazi tatu zilizotofautiana kwa uzito. Ilitundika mzinga tawini. Ilipandisha na kushusha mizigo, yaani mzinga mtupu wakati wa kutega na chombo cha masega wakati wa kurina. Na pale shina lilipokuwa nene mno kukumbatiwa, au pale mrina alipohitaji kuachia mikono yote miwili, ilimfunga yeye mwenyewe kwenye mti. Kamba ya kazi ya kwanza ikikatika, hupotea asali. Ya kazi ya tatu ikikatika, hupotea mtu.

Ufundi wa kamba yenyewe unastahili kuangaliwa kwa makini. Gome hubanduka kwa urahisi zaidi mti unapokuwa na maji mengi, hasa katika msimu wa mvua, ambao Tabora ni mmoja tu, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Sehemu inayotumika ni ngozi ya ndani ya gome, iliyo laini na yenye nyuzi ndefu. Ngozi ya nje huondolewa. Vipande huweza kutumika vikiwa vibichi kama ukambaa wa kufungia, au kusokotwa viwili au vitatu pamoja kupata kamba nene. Kikiwa na unyevu, kipande hicho hukunjwa bila kuvunjika na hustahimili mvuto mkubwa. Kikikauka kabisa huwa kigumu, na kikikunjwa kwa ghafla huonyesha nyufa. Ufa huo ndio uliokuwa kipimo. Hapakuhitajika elimu ya maandishi kuutambua: kamba iliyopinda mkononi bila sauti ilikuwa hai, na iliyolia ilikuwa imekufa. Kuiloweka kulirudisha ulaini wake kwa muda, lakini hakukuunganisha nyuzi zilizokwisha kukatika.

Kuunga nako kulikuwa na mipaka yake. Kamba ya kusokota inaweza kurefushwa kwa kuingiza nyuzi mpya katika msokoto kabla zile za zamani hazijaisha, na kiungo cha namna hiyo hugawanya mvuto katika urefu mkubwa. Fundo ni jambo lingine. Fundo hulazimisha nyuzi zikunjwe kwa pembe kali, na vipimo vya kisasa vinaonyesha kwamba nguvu ya kamba inaweza kupungua kwa kiasi kinachokaribia nusu pale lilipofungwa. Mantiki ya kazi inaeleza kwa nini kamba yenye fundo la kuungia ilifaa kutundikia mzinga na haikufaa kumfunga mtu. Tofauti hii kati ya kutengeneza na kubadilisha, ambayo leo huandikwa katika vijitabu vya usalama kana kwamba ni ugunduzi mpya, imo ndani ya tabia ya malighafi yenyewe.

Kalenda ilisaidia pia. Mavuno makubwa ya asali katika magharibi ya Tanzania huja baada ya mvua, takriban kuanzia Mei hadi Julai. Kamba iliyosokotwa wakati gome linabanduka vizuri ilifika kwenye mavuno hayo ikiwa na umri wa miezi michache. Hatari ilikuwa katika mavuno ya pili, mwishoni mwa kiangazi, pale kamba hiyohiyo ilipokuwa imepigwa na jua na upepo mkavu kwa miezi kadhaa. Mrina aliyetaka mpya aliweza kuipata kwenye mti uliokuwa mita chache kutoka alipo. Gharama ilikuwa jasho na saa kadhaa za kazi.

Mabadiliko hayakuanzia kwenye kamba, yalianzia kwenye nta. Chini ya utawala wa Wajerumani nta iliingia katika orodha ya mazao yaliyosafirishwa nje, na reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilifuta sababu ya kuibeba kwa kichwa hadi Bagamoyo au Dar es Salaam. Treni hiyohiyo iliweza kurudi na bidhaa za dukani. Miongoni mwake ni kamba ya katani, zao lililoletwa Afrika Mashariki ya Kijerumani na Richard Hindorf mwaka 1893 kwa miche iliyoagizwa kutoka Florida. Kati ya miche 1,000 iliyotumwa ni 62 tu iliyosalia hai. Pwani ilikuwa na kamba zake za makumbi ya nazi tangu zamani, na bara ilikuwa na magome. Katani haikuwa ya upande wowote kati ya hizo. Ilikuwa kamba ya kiwandani, iliyo sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, yenye nguvu kuliko gome, na iliyopatikana kwa fedha.

Hapo ndipo uhusiano wa mrina na kifaa chake ulipogeuka. Katani huoza ikilowa mara kwa mara na kuachwa bila kukaushwa, na kuoza huko huanzia ndani ya msokoto, ambako jicho halifiki. Mtu aliyezoea gome angetegemea ufa na sauti; katani haitoi ishara hiyo. Njia ya kuikagua ni kuupinda msokoto hadi ufunguke na kutazama kama ndani kuna vumbi na nyuzi fupi zilizokatika. Ni ujuzi mwingine kabisa, na ulihitaji kufundishwa.

Fursa ya kuufundisha ilikuwapo. Mwaka 1949 serikali ya Tanganyika ilianza huduma maalumu ya ufugaji nyuki, iliyoongozwa na F. G. Smith, ambaye baadaye alichapisha kitabu kinachojulikana sana juu ya ufugaji nyuki wa nchi za joto. Kazi iliyofanywa na huduma hiyo, na kisha na ushirika wa wafugaji nyuki wa Tabora ulioundwa mapema katika miaka ya 1960, ilikuwa ya maana kubwa: usafi wa nta, uchujaji wa asali, masoko, na juhudi za kuwashawishi wafugaji waache mizinga ya magome, kwa kuwa mti unaobanduliwa gome kuzunguka shina lote hufa. Hata hivyo, mpango huo ulipimwa kwa tani na kwa bei. Vitabu vya forodha vina safu ya nta; kamba ya mrina haikuwa bidhaa ya kuuzwa nje, kwa hiyo haikuwa na safu yake. Si haki kuwalaumu maofisa wa nyuki kwa kutokuwa maofisa wa usalama kazini, lakini matokeo yake ni dhahiri: kinga ya gome ilipungua bila kinga ya maarifa mapya kuchukua nafasi yake kwa kasi ileile.

Sheria za baadaye zimeuimarisha mkanganyiko huo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inahesabu magome kuwa mazao ya misitu, na katika hifadhi uvunaji wake unahitaji kibali. Kwa upande wa uhifadhi jambo hilo halina ubishi. Kwa upande wa mrina lina maana kwamba kamba isiyokuwa na bei sasa inaweza kuwa na faini. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, kwa upande wake, imejengwa juu ya dhana ya mahali pa kazi palipoandikishwa na mwajiri anayewajibika. Mrina anayeweka kambi porini Sikonge au Kaliua kwa majuma kadhaa, akirina mizinga yake mwenyewe, ni vigumu kufikiwa na mkaguzi.

Leo kamba za nailoni na za plastiki zinapatikana katika masoko ya mji na vijiji. Hazioziwi na maji, na kwa sababu hiyo huaminiwa kupita kiasi. Adui yao ni jua, ambalo huzifanya nyuzi za juu kuwa ngumu na kupukutika, pamoja na msuguano wa magome na joto la mwenge, kwani nyuzi hizi huyeyuka kabla hazijawaka. Watengenezaji wa vifaa vya kupandia miti kwa kawaida huweka ukomo wa miaka 10 hata kwa kamba isiyotumika kamwe, na huagiza kwamba kamba iliyoondolewa kazini ikatwe vipande vifupi ili asitokee mtu wa kuirudisha. Agizo hilo limeandikwa kwa mazingira ambamo kamba ina kazi moja. Katika uchumi wa kijijini kamba haitupwi, hushuka cheo: kutoka kumfunga mtu hadi kutundikia mzinga, kutoka mzinga hadi kisimani, kutoka kisimani hadi shingo ya mbuzi. Mteremko huo una busara yake, na kuukata vipande ni kumnyima mwenyewe mali. Tatizo liko kwenye safari ya kurudi, pale msimu unapofika, fedha ya kamba mpya haipo, na kamba ya kisimani inapandishwa tena mtini. Alama ya kudumu, kama kupaka rangi ncha za kamba iliyoshushwa cheo, ingeiacha iendelee kuteka maji na kufunga mbuzi, na ingemwonya anayeichukua usiku kwamba hiyo si ya kumbeba mtu.