Mji wa Visima, Nyumba ya Kuhama

Anayezuru Makumbusho ya Wajir asitarajie kuta za fahari kama za Fort Jesus. Sehemu kubwa ya historia ya kaskazini mashariki mwa Kenya imepita katika nyumba inayobebwa na ngamia.

Nyumba hiyo, aqal, ni kazi na mali ya mwanamke wa Kisomali. Yeye ndiye anayesuka mikeka na kupinda fito, na siku ya kuhama huivunja mwenyewe. Mikeka hutandikwa mgongoni mwa ngamia, fito zikafungwa ubavuni, kisha hupangwa haan: vyombo vya maziwa vilivyosukwa kwa nyuzi za mizizi, vikabanwa visivuje hata tone. Ndani hufukizwa moshi ili maziwa yasiharibike upesi. Ufundi huu unastahili heshima ileile wanayopewa wachonga milango wa Lamu.

Mji wenyewe umezaliwa na maji. Ardhi ya Wajir ni ya mawe ya chokaa yenye visima vifupi vingi, na koo zimevigombania tangu zamani. Waingereza walipofika mwaka 1912 walipiga kambi papo hapo, visimani. Baadaye maofisa wao wakawa na Royal Wajir Yacht Club, klabu ya mashua katikati ya nyika. Wenyeji, kwa upande wao, walibanwa na sheria ya wilaya maalumu ya 1934: kuhama kukahitaji kibali. Kisha vita vya Shifta, vya Wasomali waliotaka kujitenga na Kenya, 1963 hadi 1967, vikawasukuma wafugaji vijijini kwa nguvu, na mifugo ikateketea.

Miaka ya 1970 Annalena Tonelli, Mtaliano aliyetibu kifua kikuu mjini Wajir, alifanya kinyume. Mfugaji mwenye kifua kikuu hawezi kulazwa miezi mingi mbali na jamaa zake, basi wagonjwa wakakaribishwa waje na aqal zao, wazisimamishe karibu na kituo cha matibabu na wanywe dawa hadi wapone. Watu wakapaita TB Manyatta.

Februari 1984 askari wa serikali waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji, wakawaweka siku kadhaa juani bila maji na kuwaua wengi. Mtaani Bulla Jogoo nyumba zilichomwa moto. Maonyesho ya aqal yasiyozitaja nyumba hizo yanawapunja watu wa Wajir. Mwanzoni serikali ilikiri vifo 57. Manusura wanahesabu mamia, hata maelfu. Tonelli aliwaokota majeruhi na kusaidia kuzika wafu. Mwaka uliofuata akafukuzwa nchini, na ni mwaka 2013 tu ambapo ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika mauaji hayo.