Kuhama, Kuhamia, Kuhamishwa: Wazigua na Maneno Yanayofanana

Katika miaka ya 1830, nchi ya Uzigua, ambayo leo sehemu yake kubwa iko wilayani Handeni, ilikumbwa na ukame. Mvua zilikatika, mazao yakaungua mashambani, na wenye njaa wakashuka pwani kutafuta chochote cha kutia tumboni. Masimulizi ya wazee yanasema waliahidiwa kazi na chakula ng’ambo. Waliokubali walipakiwa majahazini hadi pwani ya Benadiri, katika Somalia ya leo, na huko wakauzwa utumwani kulima mashamba ya bonde la mto Shebelle.

Anayetaka kuisimulia safari hiyo kwa Kiingereza hukutana na maneno matatu yanayofanana sana: “migrate”, “emigrate” na “immigrate”. Yote yanatokana na kitenzi kimoja cha Kilatini chenye maana ya kuhama. La kwanza hutaja mwendo wenyewe, bila kutuambia sana mtu katoka wapi wala kaingia wapi. La pili limeongezewa kiambishi cha “nje”, na la tatu kiambishi cha “ndani”. Kwa msemaji wa Kiswahili jambo hili si geni, maana sisi nasi tuna kuhama na kuhamia. Mtu akitoka Handeni kwenda Mombasa na kuweka makazi huko, kwa ndugu aliowaacha ni “emigrant”. Kwa wenyeji wanaompokea ni “immigrant”. Safari ni moja na mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni upande aliosimama msimulizi.

Hata hivyo, maneno hayo yote humwacha msomaji akidhani kwamba msafiri aliondoka kwa hiari na akijua aendako. Wazigua wale walidanganywa, kisha wakauzwa. Kuwaita “emigrants” ni kuwafutia dhuluma wanunuzi wao. Kiswahili kinalo neno linaloutaja mkono wa mtu mwingine: walihamishwa.

Nao hawakutulia utumwani. Yanasimuliwa ya Wanakhucha, mwanamke aliyewaongoza watoro kuelekea kusini, wakinuia kurudi kwao. Walifika misitu ya bonde la mto Juba, iitwayo Gosha, wakafyeka na kulima, na vizazi vikapita. Wasomali wakawaita Mushunguli. Kizigua chao hakikufa.

Huku nyuma, nchi waliyoiacha ilikuwa inapokea watu wengine. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakatanda kando yake. Kazi ya kukata mkonge ilihitaji mikono mingi kuliko iliyokuwapo, hivyo watu wakaletwa kwa mkataba kutoka bara na hata kutoka nchi jirani. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao maalumu cha kuwaandikisha wafanyakazi hao, SILABU. Hao ndio manamba. Kwa Kiingereza walikuwa “migrant labourers”, na neno lilifaa, kwa kuwa walitarajiwa kumaliza mkataba na kurudi kwao. Wengine hawakurudi, walioa, wakajenga, wakazikwa huko huko. Kwa hao “migrant” halitoshi tena, kwa sababu walikuwa wamekwisha kuhamia.

Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Kiingereza cha kutaifisha ni “nationalise”. Neno hilo lina ndugu wa kufanana naye, “naturalise”, maana yake kumpa mgeni uraia, ule ambao sheria yetu huuita uraia wa tajinisi. Asili yao ni kitenzi kimoja cha Kilatini, kuzaliwa. Kimatumizi, la kwanza huelekea zaidi kwenye mali: shamba, benki, kiwanda. La pili, katika sheria ya uraia, humhusu mtu.

Handeni inaonyesha uzito wa tofauti hiyo. Dola ya Somalia iliposambaratika mwaka 1991, watu wa Gosha waliporwa na kuuawa. Wengi walikimbilia Kenya, na kutoka huko maelfu baadaye wakapelekwa Marekani. Wengine walikuja Tanzania, wakapewa makazi Mkuyu, na baadaye Chogo, wilayani Handeni, katika nchi ya babu zao. Waliingia kama “refugees”, wakimbizi, na baada ya miaka serikali ikaanza kuwapa uraia wa tajinisi. Mwandishi atakayeteleza akaandika kwamba walikuwa “nationalised” atakuwa amesema serikali iliwafanya mali yake, na anaowasema hivyo ni wajukuu wa watu waliowahi kuuzwa.

Sheria iliwapokea kama wageni, kwa sababu huangalia mtu kazaliwa wapi na wazazi wake walikuwa raia wa nchi gani. Ukoo huhesabu kwa njia nyingine: walikuja wakiongea Kizigua, na wenyeji wakawaelewa. Mwanahistoria anapaswa kuzishika hesabu zote mbili, na kabla ya kuandika neno lolote juu yao ajiulize nani aliondoka, kwa amri ya nani, na anayesimulia amesimama upande upi. Akiziruka hoja hizo, hata kwa sarufi isiyo na kosa atakuwa amewaandikia historia isiyo yao.