Kasri la Tajiri na Sanduku la Mfanyakazi

Katika mji wa Le Creusot, nchini Ufaransa, kuna jumba lililoanza kama kiwanda. Lilijengwa kati ya 1786 na 1787 ili kutengenezea vyombo vya kioo kwa jina la Malkia Marie-Antoinette, na mbele yake ingali imesimama minara miwili ya tanuru. Mwaka 1836 Adolphe Schneider na mdogo wake Eugène walinunua viwanda vya chuma vya mji huo, na muda mfupi baadaye wakalitwaa jumba hilo kuwa makao yao. Ukoo wao ulikaa humo zaidi ya miaka 120. Mwaka 1905 tanuru moja iligeuzwa kuwa ukumbi wa michezo ya kuigiza, wageni wa tajiri wapate burudani.

Ni haki kukiri kwamba Schneider hakuwa mkono wa birika. Wafanyakazi walijengewa nyumba na shule. Mgonjwa alitibiwa, mzee akapewa pensheni. Hata kanisa moja la mji liliwekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Henri, msimamizi wa Henri Schneider, mwana wa Eugène. (Sisi waamini tusipite hapo haraka: mtu aliweza kupiga magoti kanisani na bado akajiona yumo katika nyumba ya tajiri wake.)

Aliyepokea hayo yote alitakiwa anyamaze. Mnamo Januari 1870 wafanyakazi, waliokuwa kama 10,000, waliomba jambo dogo: mfuko wa msaada, uliojazwa kwa fedha zilizokatwa katika mishahara yao, usimamiwe nao wenyewe. Fundi Adolphe Assi, aliyechaguliwa kuongoza kamati yao, akafukuzwa kazi. Mgomo ukazuka, na Eugène Schneider, ambaye wakati huo alikuwa pia Spika wa Bunge, akaona askari wakiletwa kwa maelfu. Miezi miwili baadaye wachimba makaa nao waligoma, na viongozi wao wakahukumiwa kifungo. Hawakukataa hospitali wala shule. Waliomba ufunguo wa sanduku lao. Ilipita miaka 21 ndipo Papa Leo XIII, katika waraka Rerum Novarum wa tarehe 15 Mei 1891, akatetea haki ya wafanyakazi kuunda vyama vyao.

Charles Schneider, mkuu wa mwisho wa ukoo huo kiwandani, alifariki mwaka 1960, na baadaye jumba likawa mali ya mji. Katika miaka ya 1970 Marcel Évrard, akisaidiwa na wataalamu Georges Henri Rivière na Hugues de Varine, alianzisha humo makumbusho ya namna mpya. Hawakutaka kuonyesha viti vya tajiri tu. Walisema kwamba eneo lote la jumuiya ile ya miji na vijiji 16, pamoja na mashimo yake ya makaa, shule zake na nyumba zake, ndilo makumbusho, na wakazi ndio wenyeji wake. Hivyo watu waliitwa kusimulia kazi yao katika nyumba ambayo wazee wao hawakuingia kama wageni. Mwaka 1984 kampuni kubwa ya chuma ya Creusot-Loire ilifilisika. Wengi walipoteza kazi iliyowapa jina, lakini masimulizi yao yalikuwa yamekwisha kupata mahali pa kukaa.

Sisi wa Katanga hatuyasomi haya kama habari za wageni. Union Minière nayo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, iliwapa wafanyakazi kambi, posho, hospitali, na shule zilizoendeshwa na wamisionari. Desemba 1941 wafanyakazi wa Élisabethville walipodai mishahara bora, askari waliwapiga risasi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walimu wa Chuo Kikuu na Makumbusho ya Lubumbashi walikusanya masimulizi ya familia za mji pamoja na vitu vya nyumbani mwao, vikawekwa mbele ya macho ya wote.

Nasi tumeanza kuwatembelea wazee wa parokia waliokulia kambini. Karibu kila mmoja huanza kwa kusema kwamba hana la kusimulia. Kisha huinuka, huingia chumbani, na kurudi na sanduku.