Neno Lisiloulizwa

Kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda, ilipoanza kusikilizwa Arusha Januari 1997, hati ya mashtaka haikuwa na neno hata moja juu ya ubakaji. Ndipo shahidi mmoja, mama aliyesitiriwa jina akaitwa kwa herufi J tu, alipoeleza kuwa bintiye wa miaka 6 alibakwa na Interahamwe watatu. Mbona hakuwaambia wapelelezi? Hawakumwuliza.

Wapo wasemao kuwa waliodhulumiwa hunyamaza kwa haya. Haya ipo, nani asiyeijua? Lakini hapa aliyetangulia kunyamaza ni muulizaji.

Jaji Navanethem Pillay, mwanamke pekee katika jopo la watatu, akadadisi zaidi. Juni 1997 hati ikarekebishwa, na wanawake wengine wakaja kutoa ushahidi. Lugha nayo ikawa mtihani. Walitumia *gusambanya*, walitumia *kuryamana*, na *gufata ku ngufu*, ambalo laweza kuwa ni kutwaa kitu chochote kwa nguvu. Mahakama ikamsikiliza mwanaisimu, Mathias Ruzindana, na hukumu ikayafafanua maneno hayo moja moja. Mswahili hastaajabu: nasi tuna ‘kulala na’ na ‘kuingiliwa’, na anayeandika maelezo ya mlalamikaji asipokuwa mwangalifu, dhuluma hugeuka zinaa karatasini.

Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama iliamua kuwa ubakaji waweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari, na Akayesu akatiwa hatiani. Hakuna mahakama ya kimataifa iliyowahi kusema hivyo kabla yake. Katika kurasa za hukumu hiyo, mama yule ni J hadi leo.